Minada ya Magari Mtandaoni: Mnunuzi Alindwe Kabla ya Nyundo Kugonga

Kila Alhamisi, katika mji wa Noda mkoani Chiba nchini Japani, maelfu ya magari yaliyotumika hupigwa mnada katika ukumbi wa kampuni ya USS. Kila gari hupewa muda unaohesabiwa kwa sekunde. Hakuna kelele za mnadi. Wanunuzi hubonyeza vitufe na bei hupanda kwenye kioo hadi washindani wanyamaze. Miongoni mwa magari hayo yapo ambayo, baada ya wiki kadhaa baharini, yatateremshwa katika bandari za Dar es Salaam na Mombasa. Na miongoni mwa fedha zinazopandisha bei hizo zimo za wafanyabiashara na wawekezaji wadogo wanaosoma ukurasa huu.

Biashara hii imeleta manufaa makubwa. Mwenye mtaji wa gari moja anaweza leo kununua mahali pale pale anaponunua mwenye yadi ya magari mia moja. Lakini soko likifunguka, hufungukia wote, na matapeli nao hawakubaki nyuma. Vilio vya watu waliotuma fedha wakaambulia picha, au walioagiza gari zima wakapokea gari lililopondeka na kunyooshwa, vimekuwa sehemu ya mazungumzo ya kawaida sokoni.

Hoja ya makala haya ni kwamba tunatafuta kinga mahali ambapo haipo. Tunauliza kama mnada wa Japani ni wa kweli, wakati swali la kwanza lingekuwa: huyu aliyesimama kati yangu na mnada huo ni nani kisheria? Hadi swali hilo lijibiwe kwa maandishi, mnunuzi ataendelea kuuziwa mbuzi kwenye gunia.

KARATASI YA MNADA NA KAZI YAKE

Mwaka 1970 mchumi wa Kimarekani, George Akerlof, aliandika makala fupi kuhusu soko la magari yaliyotumika. Alieleza kuwa muuzaji anaijua gari yake, mnunuzi haijui. Kwa kuwa mnunuzi hawezi kutenganisha zima na bovu, hukubali kulipa bei ya wastani tu. Mwenye gari zima huona bei hiyo haimlipi, hujitoa. Mwenye bovu hubaki. Mwisho wake soko hujaa mabovu na wastani huzidi kushuka. Mwaka 2001 Akerlof alipata Tuzo ya Nobel ya uchumi pamoja na wenzake wawili, Michael Spence na Joseph Stiglitz, na makala hayo yalikuwa sehemu kubwa ya sababu.

Wajapani wana dawa yao ya ugonjwa huo. Kabla gari halijaingia mnadani, mkaguzi wa nyumba ya mnada, ambaye si mtu wa muuzaji, hulikagua na kujaza karatasi ya mnada. Karatasi hiyo hutoa daraja kwa jumla: kuanzia S, 6 na 5 kwa magari karibu mapya, 4.5 na 4 kwa mazuri, 3.5 na 3 kwa yenye kasoro zaidi, na kushuka. Herufi R au RA huonyesha gari lililopata ajali likatengenezwa. Kwenye mchoro wa bodi, A ni mkwaruzo, U ni bonyeo, W ni sehemu iliyonyooshwa, S ni kutu, na XX ni sehemu iliyokwisha kubadilishwa. Mnunuzi anayeijua lugha hiyo anaweza kununua gari asilolishika kwa mkono na bado akajua anachonunua.

Basi thamani yote ya mnada wa mbali imekaa katika karatasi moja. Hapo ndipo tapeli anapopiga. Karatasi hughushiwa: R ikawa 4, kilomita 180,000 zikawa 80,000. Au mnunuzi hupewa tafsiri iliyopigwa chapa upya badala ya karatasi yenyewe, na katika tafsiri hiyo XX hazipo. Karatasi ikiharibiwa, tunarudi katika soko la Akerlof: mnunuzi haamini chochote, analipa bei ya chini kwa yote, na wakala mwaminifu ndiye anayefunga duka kwanza.

NANI ANALINDWA NA KANUNI ZA MNADA

Nyumba za minada za Japani, kama USS, TAA na zile za JU, haziuzii kila mtu. Wanaopandisha bei ni wanachama, yaani wafanyabiashara wa magari wenye leseni ya Kijapani ya kuuza vitu vilivyotumika. Mwanachama akikuta gari halilingani na karatasi, ana haki ya kulalamika na kurudishiwa fedha au kupunguziwa bei.

Kanuni ni nzuri, lakini ndugu msomaji, tazama mambo mawili. Kwanza, haki hiyo ni ya mwanachama. Mnunuzi wa Kariakoo si mwanachama na nyumba ya mnada haimjui. Pili, kwa makosa mengi muda wa kulalamika ni wa siku chache tu. Gari linapokata mawimbi kuja Dar es Salaam, muda huo umekwisha zamani. Kasoro ambayo ingeweza kurudisha fedha kama ingeonekana siku ya tatu, huonekana gari likiwa limeteremshwa, limelipiwa ushuru wa forodha na kodi ya ongezeko la thamani, na halina pa kurudi.

Hasara hiyo haiishii kwenye bodi na injini. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka 8 tangu liliposajiliwa mara ya kwanza. Uganda, kwa marekebisho ya sheria ya mwaka 2018, ilifunga mlango kwa magari yaliyozidi miaka 15 tangu kutengenezwa. Kwa mfanyabiashara anayepeleka mzigo huko, uongo wa mwaka mmoja kwenye karatasi unaweza kuwa hasara ya gari zima.

YALIYOWAKUTA WENZETU

Wapo wanaodhani kuwa ulaghai wa minada ya mtandaoni ni maradhi ya nchi maskini. Takwimu zinawasuta. Tovuti ya eBay ilianzishwa Marekani mwaka 1995. Tume ya Biashara ya serikali ya nchi hiyo, ambayo ilipokea malalamiko 107 tu kuhusu minada ya mtandaoni mwaka 1997, ilipokea yapata 10,700 mwaka 1999. Mwaka 2000 mchoro mmoja uliodhaniwa kuwa wa msanii Richard Diebenkorn ulifikishwa dola 135,805 kwenye mnada wa eBay, kabla haijagundulika kuwa waliohusika na uuzaji wake walikuwa wakijipandishia bei kwa majina ya kubuni. Walishitakiwa na kukiri.

Kujipandishia bei ni kosa la zamani kuliko kompyuta. Sheria za mauzo ya bidhaa za Tanzania na Kenya, zilizotokana na sheria ya Kiingereza ya mwaka 1893, zinasema muuzaji hawezi kujipandishia bei mnadani, yeye au mtu wake, bila kutangaza mapema kuwa amejiwekea haki hiyo. Akifanya hivyo kwa siri, mnunuzi anaweza kuyahesabu mauzo hayo kuwa ya ulaghai. Uingereza ilimtia hatiani mtu kwa kosa la namna hii kwenye eBay mwaka 2010: alipewa saa 250 za kazi za jamii na kutozwa pauni 5,000.

Upande wa haki ya kurudisha mali, mataifa yamegawanyika. Mahakama Kuu ya Shirikisho ya Ujerumani iliamua Novemba 2004 kwamba aliyenunua bangili kwenye eBay kwa mfanyabiashara ana haki ya kubadili nia, kwa sababu mnada wa mtandaoni unaofungwa kwa saa si mnada wa nyundo wa kawaida. Maelekezo ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2011 yalifuata njia hiyo kwa kutoa siku 14. Afrika Kusini, katika sheria yake ya mawasiliano na miamala ya kielektroniki ya mwaka 2002, ilitoa siku 7 kwa mnunuzi wa mtandaoni, lakini mauzo ya mnada ikayaweka nje.

Kinga za makampuni nazo zina mipaka ambayo wengi hawaisomi. Dhamana ya eBay ya kurudisha fedha haihusu magari, na ile ya PayPal inayaacha nje magari yote ya injini. Anayelipia bidhaa ndogo kwa kadi anaweza kuiomba benki yake irudishe malipo. Anayelipia gari kwa T.T. hana njia hiyo: fedha zikishaingia katika akaunti ya mpokeaji na kutolewa, benki haina cha kurudisha. Kwa maneno mengine, kinga zilizopo zimejengwa kwa ajili ya saa ya mkononi na simu, wakati mfanyabiashara wetu anaweka mtaji wake wote kwenye gari.

WAKALA AU MUUZAJI?

Tumefika kwenye kiini. Mtu anayepokea oda za mnada wa Japani anaweza kuwa mmoja wa watu wawili. Anaweza kuwa wakala wako, anayenunua kwa niaba yako na kwa fedha zako, akalipwa ujira. Au anaweza kuwa muuzaji, anayenunua kwa fedha zake na kwa hatari yake, kisha akakuuzia. Tofauti hii si ya maneno matupu.

Akiwa wakala, Sheria ya Mikataba ya Tanzania, Sura ya 345, inamlazimu kukutolea hesabu kamili unapoitaka. Akijifanyia biashara ndani ya kazi yako bila wewe kujua, unaweza kudai faida aliyoipata. Kenya inafuata misingi ya sheria ya Kiingereza, ambayo nayo humkataza wakala kujipatia faida ya siri. Akiwa muuzaji, hana wajibu wa kukuonyesha alinunua kwa bei gani. Lakini anabanwa na sheria ya mauzo ya bidhaa, inayotaka mali iliyouzwa kwa maelezo ilingane na maelezo hayo. Gari alilosema ni daraja la 4 likifika likiwa R, mzigo ni wake, hata kama naye alidanganywa.

Tatizo la soko letu ni kwamba wengi wamejifanya popo. Ukiuliza bei ya nyundo, anakuwa muuzaji: “Bei yangu ndiyo hiyo.” Gari likifika bovu, anakuwa wakala: “Mimi nilikununulia tu, walaumu Wajapani.” Anavuna haki za pande zote mbili na kukwepa wajibu wa zote mbili.

Tuchukue mfano wa hesabu. Gari limegongewa nyundo kwa yeni 400,000. Wakala anamwambia mteja ni yeni 520,000, kisha anadai ujira wake wa yeni 50,000. Mteja anadhani amelipia huduma yeni 50,000. Ukweli amelipia 170,000. Kwa mwekezaji anayeleta magari kumi kwa mwaka, hizo ni yeni 1,200,000 zilizopotea pasipo kuonekana katika daftari lolote. Huu si wizi wa kukimbia na fedha, na ndiyo maana haufiki polisi. Lakini ndio unaokula faida ya mfanyabiashara mdogo polepole, mwaka hadi mwaka, huku akishangaa kwa nini jirani anauza bei ya chini na bado anapata.

SHERIA IANZIE NYUMBANI

Wahenga walisema fimbo ya mbali haiui nyoka. Hatuwezi kutunga kanuni za ukumbi wa Noda. Tunaweza kumbana aliye hapa nchini, anayekusanya fedha hapa, kwa mteja wa hapa.

Itazame kasoro iliyopo. Anayenadi makochi na majokofu kwenye uwanja wa wazi anatakiwa na Sheria ya Madalali wa Minada awe na leseni. Anayekusanya mamilioni ya shilingi kwa ajili ya mnada wa ng'ambo hahesabiwi katika kundi hilo, kwa sababu yeye hanadi, ananunua. Anaweza kuwa na leseni ya kawaida ya biashara na kampuni iliyoandikishwa BRELA, lakini hivyo viwili havimwambii mteja lolote kuhusu usalama wa amana yake.

Safu hii inapendekeza mambo manne. Kwanza, kila anayepokea oda za mnada wa nje atamke katika mkataba wa maandishi kama ni wakala au muuzaji. Asipotamka, ahesabiwe muuzaji, na lawama ya gari bovu iwe yake. Pili, amana za wateja zikae katika akaunti yake ya pekee, mbali na fedha za kuendeshea ofisi, ili wakala akifilisika fedha za wateja zisizame naye. Tatu, nakala ya karatasi ya mnada ya Kijapani, siyo tafsiri peke yake, iwe haki ya mteja, pamoja na ankara ya nyumba ya mnada pale ambapo uhusiano ni wa uwakala. Nne, mawakala hao waandikishwe katika daftari linalosomwa na umma, na waweke dhamana ya benki inayolingana na ukubwa wa biashara yao. Tume ya Ushindani, ambayo kazi yake ni pamoja na kumlinda mlaji, inaweza kuanza na hayo.

Zipo hoja za kupinga. Watasema dhamana na daftari vitaongeza gharama, na wakala mdogo mwenye simu na uaminifu wake atasukumwa nje. Hoja hiyo ina uzito, na ndiyo sababu dhamana isiwe kiwango kimoja kwa wote. Lakini anayedhani leo hakuna gharama anakosea. Gharama ipo, ila inalipwa na yule aliyetapeliwa peke yake, na baada yake na wakala mwaminifu anayekosa wateja kwa sababu ya dhambi za wengine. Watasema pia soko huria litajisafisha lenyewe, tapeli atajulikana. Tapeli wa mtandaoni habebi jina lake wiki mbili. Sifa mbaya humwumiza mwenye duka na anwani; asiye navyo hufungua ukurasa mwingine kesho.

WAKATI TUNASUBIRI

Sheria hazitungwi kwa wiki moja, na meli haisubiri. Mnunuzi anaweza kujilinda leo kwa hatua chache.

Msafirishaji wa Japani awe na namba ya leseni ya kuuza vitu vilivyotumika na namba ya kampuni yenye tarakimu 13, ambayo inaweza kutafutwa kwenye tovuti ya mamlaka ya kodi ya nchi hiyo. Angalia kama yumo katika orodha ya wanachama wa JUMVEA, chama cha wasafirishaji wa magari yaliyotumika wa Japani. Jina la akaunti lilingane na jina la kampuni, na benki iwe Japani. Akaunti ya mtu binafsi, au ya nchi ya tatu, ni sababu tosha ya kusimama.

Ukipokea barua pepe kwamba akaunti imebadilika, usilipe kabla hujapiga simu kwa namba uliyokuwa nayo tangu awali, siyo iliyoandikwa kwenye barua hiyo. Wadukuzi huingia kati ya mazungumzo halali na kubadili tarakimu tu. Anayekushauri uweke fedha kwa mtu wa tatu atakayezishika hadi gari lifike, hakikisha mtu huyo umemtafuta mwenyewe. Tovuti za kushika fedha zilizobuniwa na tapeli ni mtego wa siku nyingi.

Linganisha kilomita za karatasi ya mnada na zilizoandikwa kwenye hati ya Kijapani ya kusafirisha gari nje, ambayo hubeba usomaji wa mita wakati wa ukaguzi wa barabarani. Hati ikisema 120,000 na gari likisoma 70,000, umepata jibu. Usimalize malipo kabla ya kuona nakala ya hati ya shehena, ile wafanyabiashara wanayoiita B/L, na uhakikishe kwa kampuni ya meli kuwa gari limepakiwa. Kabla ya kupandisha dau, piga hesabu ya kodi kwa thamani za TRA, kwa kuwa Mamlaka ya Mapato hutumia mfumo wake wa bei za magari yaliyotumika. Bei nafuu ya mnada haimaanishi kodi nafuu.

Hifadhi ujumbe wote wa simu na barua pepe. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inautambua ushahidi wa aina hiyo, na Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka huo huo inampa polisi pa kuanzia.

Neno la mwisho ni kwa wawekezaji wadogo wasiotaka gari bali faida. Wapo wanaokusanya michango kwa ahadi ya kununua magari mnadani na kugawana faida nono kila mwezi. Gari linachukua wiki kadhaa baharini, siku za kugomboa bandarini, na siku za kungoja mteja yadini. Biashara yenye mzunguko huo haiwezi kulipa faida kila tarehe mosi, isipokuwa kwa fedha za waliojiunga jana. Wasomaji hawajasahau upatu wa DECI uliosimamishwa na serikali mwaka 2009. Anayekualika akuonyeshe hati za shehena za magari yaliyokwisha kuuzwa na hesabu zake. Akikuonyesha picha tu, hiyo si biashara ya magari.

Mnada ni njia nzuri ya kupata bei ya haki, kwa sharti moja: kila anayepandisha dau ajue anachonunua na anayemnunulia. La kwanza Wajapani wameliwekea karatasi. La pili ni kazi yetu wenyewe, na linaanza na swali la maneno machache ambalo kila mteja anapaswa kuliuliza kabla ya kutoa amana: “Wewe ni wakala wangu, au ni muuzaji?” Asiyeweza kulijibu kwa maandishi asipewe fedha.